Kidude Tulichokitoa kwenye Gari la Nestori

Fundi Zakaria,

Nina hasira na wewe na sina pa kuipeleka. Barua hii nimeianza mara tatu. Mara ya kwanza niliinuka kwenda kuangalia kama nimefunga bomba, mara ya pili nikajikuta nafuta spana ambazo nilishazifuta. Sasa nimekaa kwenye kiti chako na nimejiambia siinuki mpaka nimalize. Si unajua nisivyoweza kutulia.

Gereji ipo. Mkeo Mama Yusta hajambo, matanga tulishaondoa, ndugu zako wa Kabungu wamerudi kwao. Wateja wanafika, wakinikuta peke yangu wanauliza fundi yuko wapi, na wengine niliwaona kwa macho yangu kwenye mazishi yako. Nawajibu fundi ni mimi, Rehema, miaka tisa niko hapahapa chini ya magari. Wengine wanashuka. Wengine wanawasha na kwenda zao.

Lakini ninachotaka kukuambia ni habari ya gari la Nestori, lile la mwisho kupita mikononi mwako.

Unalikumbuka. Nestori wa Katumba, mkulima wa tumbaku, baba wa watoto wanne, akanunua gari la milango miwili, jekundu, limelala chini hata kuku hapiti uvunguni. Lilitoka Dar, kwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Siku lilipoingia Mpanda watu walitoka madukani kulitazama. Wewe ulikuwa unaumwa, umekaa hapa na shuka mabegani. Ulimuuliza, "Sasa Nestori, hiyo tumbaku utaipakia wapi?" Ukacheka mpaka ukakohoa.

Lilikuja linachemsha. Njiani lilimsimamisha mara mbili. Ukaniambia nitoe themostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ndivyo tulivyofanya kwa kila gari lililokuja linachemsha: toa, funga, acha maji yatembee, nchi yenyewe ina joto la kutosha. "Kidude cha Wazungu wenye baridi," ulikuwa unakiita. Nikakitoa. Na nilipokuwa nakitoa niliona feni ya rejeta inazunguka kivivu, nikasema moyoni mbona mbaya ni feni. Mdomoni haikutoka. Wewe mgonjwa, Nestori amesimama pale anakusifu, hata haangalii mikono yangu inatoa nini, ningeanzaje kukusahihisha? Gari likaacha kuchemsha. Wiki mbili baadaye tukakuzika.

Nestori amerudi analalamika. Gari linakula mafuta vibaya sana. Asubuhi za baridi linamisi, mlio unakatakata, kwenye kilima halina nguvu, turbo ya kulisukuma kama haipo kabisa, nyuma moshi mweusi. Mafundi wa stendi wanamwambia amenunua trekta lililopakwa rangi ya mdomo.

Nimehangaika, Fundi. Nilibadilisha plagi, za zamani zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Siku mbili tu, mpya nazo zikawa vilevile. Nikaazima mashine ya kupimia, ile uliyokuwa unaiita redio, ikasema mafuta yanaingia mengi, ikanielekeza kwenye sensa ya ekzosi. Nikabadilisha sensa. Wapi. Nikasafisha filta ya hewa, ilikuwa na vumbi la kutosha kupandia mchicha. Wapi. Nikanusa oili kwenye kijiti chake, inanuka petroli. Wale wa stendi wakaja kuchungulia, mmoja akasema turbo imekufa, mwingine akasema injini nzima ya kutupa. Nestori naye akaanza maneno ambayo sikutaka kuyasikia, eti tangu Fundi Zakaria afe bora gari apeleke Sumbawanga. Nilishashika spana niifungue turbo. Ningeiharibu, wallahi, kwa woga tu.

Kilichonizuia ni sauti yako. "Gusa kwanza, kufungua baadaye." Kila siku ulinipigia kelele hiyo mpaka nikaichoka.

Basi asubuhi, injini imelala usiku kucha, nikaliwasha na kushika mpira wa juu wa rejeta. Mpira ule unatakiwa ukae baridi, maji yamezuiwa mpaka injini ipate moto vizuri. Hazikupita dakika mbili ukaanza kuwa vuguvugu. Maji yalikuwa yanatembea tangu mwanzo. Nikalipeleka njia ya Kakese na kulirudisha, mshale wa joto haukufika hata karibu na nusu. Hapo nikaelewa yote. Kompyuta ya gari ikiona injini ni ya baridi inamimina mafuta zaidi, na turbo inaizuia isivute. Gari zima lile lilikuwa linasikia baridi, na waliolivua nguo ni sisi.

Nestori akaja, akauliza nimeona nini. Nikamwambia kuna kidude kimetolewa. Akauliza kakitoa nani. Nikasema labda hukohuko Dar, kabla hajauziwa.

Neno lilinitoka hivyo tu. Nilijiambia nalinda jina lako. Lakini wewe nikudanganye ili iweje? Nilikuwa nalinda langu, maana mkono uliokitoa ni wangu. Nestori akapiga simu palepale, na aliyomwambia shemeji yake siwezi kuyaandika. Kesho yake nikasikia mkewe amefungasha nguo na kwenda kwa wazazi wake, hawezi kukaa na mtu anayemuita kaka yake mwizi.

Siku tatu sikuwa na raha. Nafungua nati naiacha nusu, nachemsha chai inapoa siinywi. Nilishaagiza themostati Mwanza, nikasema ikifika nitaifunga, gari litapona, na ugomvi wao utaisha wenyewe. Tena wakati naisubiri nikaona nianze kurudisha vidude kwenye magari mengine, kimyakimya, mtu asijue. Nikaanza na pikapu yako. Mama Yusta alitaka aende nayo Kakese kuchukua mahindi, nikanunua themostati yake, nikafungua pale inapokaa, mpya ninayo mkononi.

Ndani nikakuta nyingine. Safi, inang'aa. Gundi nyekundu ya gasketi imezungushwa kwa kidole, na kidole chenyewe ni kile chako kilichokatwa ncha na mkanda wa feni. Alama yake naijua. Na pikapu ile hakuna fundi aliyewahi kuigusa, hata mimi ulikuwa hunipi.

Ulijua, Fundi. Sijui alikuambia nani, sijui lini. Ulijua kwamba tunakosea, ukakirudisha kwenye gari lako, ukafunga boneti ukakaa kimya. Halafu mimi ukaniambia nitoe kwenye gari la mwenzako. Nilikaa chini pale penye oili, nikatukana. Mama Yusta akatoka mbio akidhani nimejikata. Nilikuwa nalia, tena ndiyo mara ya kwanza nalia tangu ufe. Kwenye mazishi nilishindwa, nilikuwa napika.

Nimewaza sana kwa nini. Watu wa mji mzima wewe ndiye uliyewatolea vidude vyao. Walikuwa wanapita kila siku wanakupigia honi, wanakuita mkombozi wa magari. Ungemsimamisha nani wa kwanza umwambie rudi, nilikosea? Uliona aibu. Mtu usiyemwogopa hata askari wa barabarani, ukaogopa neno moja. Na kinachoniuma ni kwamba nimekuelewa upesi mno. Nilikuwa nimefanya kitu kilekile, na mimi hata kuumwa siumwi.

Jana mzigo wa Mwanza ukafika. Nikaifunga themostati, nikabadilisha mota ya feni, nikamwaga oili yote nikaweka mpya, nikasafisha plagi. Nestori akaja, na wale wa stendi nyuma yake, wamekuja kuona nitakavyoaibika. Nikamwambia mbele yao wote. Shemeji yako hana kosa. Kidude tulikitoa sisi, Fundi Zakaria aliniambia nami nikakitoa, na uliponiuliza nikakudanganya.

Nestori aliingia ndani akawasha, akakaa anautazama mshale unavyopanda, mpaka ukafika katikati ukasimama. Mbele feni ikavuma, kwa nguvu safari hii. Akazima, akashuka, akatoa simu. Nilimsikia anasema, "Shemeji, nisamehe," halafu akasogea kule kwenye ukuta asisikike.

Nilitegemea matusi. Yule fundi wa stendi mwenye mdomo mrefu kuliko wote ndiye aliyenisogelea, na sauti ameishusha. Alitaka kujua gari lake la abiria themostati yake naweza kumpatia wapi. Tena akaniomba nisimwambie mtu.

Nestori alirudi kwenye gari anakwenda ukweni kumchukua mkewe. Alikuwa amekasirika bado, sikutegemea vingine. Siku zote ananiita dada, au yule binti wa Zakaria. Jana alishusha kioo akasema, "Haya, fundi," akaondoka. Alipokipanda kile kilima cha kutokea mjini nilisikia turbo inavuta vizuri, mpaka sauti ikapotea.

Naomba unisikilize sasa. Kila gari nililolitoa kidude, mwenyewe akija nitamwambia. Nitasema tulikosea, sitasema ulikosea. Yule ambaye haji nitamfuata. Na Mama Yusta nitamwambia leo nilichokikuta kwenye pikapu, asije akakisikia kwa watu wa stendi. Hiyo ni ahadi, nimeiandika kwa mkono uleule uliokosea. Nikigundua kosa lingine nitalisema siku hiyohiyo, hata kama anayenisikiliza ananisifu.

Pumzika, mwalimu wangu. Hasira itaniisha, nipe muda. Nimekukumbuka mpaka nagombana na wewe peke yangu gereji nzima, watu wananitazama.

Ungeniambia tu. Ningeendelea kukuita Fundi.

Rehema