Pacha kanigeuka kikaoni

Shoga, uko? Pacha kanigeuka! Pacha wangu wa maabara, ninayekula naye sahani moja!

Leo tulikaa kuchagua njia ya kupima sumu ya bakteria kwenye sindano zetu za madini ya chuma, zile za kuongeza damu. Bosi anataka mashine inayosoma rangi, eti ina kasi. Nikamwambia dawa yenyewe ni ya kahawia tangu kiwandani, sasa mashine itasoma rangi gani? Tubaki na njia yetu ya kuganda: unachanganya dawa na kimiminika cha kupimia, unapindua kichupa, kilichomo kikiganda kisimwagike, ujue sumu ipo.

Nikasema, "Muulizeni Pacha. Tulitia sumu makusudi, na mashine ikasema dawa ni safi!"

Pacha akakohoa. "Mimi sikuona tatizo lolote."

Sikuona tatizo lolote!! Na sumu aliitia yeye, kwa mkono wake!

Basi, mashine ikapita. Mimi nikaonekana mbishi tu.

Sasa sikia. Kanifuata koridoni sasa hivi, ananong'ona: "Dada, mama yangu anaanza zile sindano wiki ijayo. Nitengee ulizopima wewe kwa kuganda."