Laini Nisiyoijua

Jumatatu, 5 Mei
Sare sita za shule, vifungo bado. Mchana nimehakiki laini zangu kwa simu, redioni wanasisitiza kila siku. Kitambulisho kimoja, laini mbili. Ya kwanza yangu. Ya pili siijui kabisa. Namshuku wakala wa laini pale stendi, yule wa mwavuli. Mwaka jana aliniambia, "Dada, weka kidole tena, haijasoma." Nikaweka. Mjinga mimi.

Jumanne, 6 Mei
Nimemfuata wakala. Kaapa mara tatu. Anayeapa mara tatu ana lake jambo.
Ile namba nimeipiga. Haipatikani.

Alhamisi, 8 Mei
Nimeitwa ofisi ya wilaya. Ofisa mwenye miwani anasema laini yangu inatuma sauti za uchochezi kwenye kundi la simu la wanakijiji wa Chumbi. Mimi! Chumbi sijakanyaga tangu talaka. Karatasi tayari imechapwa: niikane laini, wao wamtafute anayeitumia. Nisaini Jumatatu, la sivyo kesi ni yangu.
Njia nzima nawaza. Kundi ni la wanakijiji. Ofisi imeingiaje humo?

Jumamosi, 10 Mei
Simwamini mtu. Mteja kaja kupimwa gauni, naona anaiangalia simu yangu sana. Nimeifunika kwa kanga.

Jumatatu, 12 Mei
Kabla ya kusaini nimedai nisikie hiyo sauti. Ofisa kabonyeza.
"Hicho kidege cha kamera kinapita juu ya ua tukioga! Nani kakiruhusu? Picha zetu zinakwenda wapi? Anayetupiga picha aombe ruhusa kwanza, ebo!"
Ya Rabi. Bi Mwajuma, mama mkwe wangu wa zamani.
Yote yakanirudia. Vidole vyake vimelika kwa jembe, mashine ya usajili haikuvisoma. Nikamwekea changu, apate laini. Mwanawe aliponiacha, kwa hasira nikafuta namba zote za nyumba ile, na yake humo humo. Na ndiye pekee aliyelia siku naondoka.
Niliogopa, sikatai. Nikaisukuma karatasi. Nikasema laini ni yangu, kidole ni changu. Uchochezi uko wapi hapo? Mama kauliza swali. Na nyie nani kawapa kibali cha kusikiliza maneno ya watu?
Ofisa kavua miwani, kaifuta, kavaa. Kasema niende, wataniita.

Jumatano, 14 Mei
Hawajaita.
Asubuhi namba imepatikana. Kumbe huzima simu kuokoa chaji. Nikasema, "Shikamoo mama, ni mimi." "Marahaba, mwanangu. Umekula?" Nikalia palepale juu ya cherehani.
Nikamweleza yote. Nikamwambia awe mwangalifu, wanasikiliza.
"Wasikie basi," kasema. "Si ndio hao ninaowauliza?"
Namba nimeihifadhi tena: Mama. Sare zimebaki mbili.