Nyonga, Bangi na Leseni ya Bunduki

Jumatatu, 7 Septemba 2009
Xintang tena, nje ya Guangzhou, huku China. Jinzi, maboksi kumi na moja, laobani, yaani mwenye kiwanda, yuleyule mwenye kikohozi. Nimesimama karakanani kwa muda wa saa tatu nikikagua zipu. Nyonga inawaka moto. Kurudi, basi halina kiti. Nilipofika chumbani nilivuta nusu msokoto dirishani, maumivu yakashuka. Najua ni kosa. Nimevuta.

Barua ya bodi bado iko ndani ya Biblia. Tarehe 15 Oktoba, Songea, madaktari wa wastaafu wa jeshi wananipima upya, waamue ulemavu wangu ni asilimia ngapi. Mara ya kwanza waliandika kumi. Kipande cha chuma cha vita vya Uganda kimekaa nyongani mwangu miaka thelathini, wao kumi! Eti sina picha. Safari hii picha watazichoka.

Jumatano, 9 Septemba
Hospitali. Chuma kimeonekana kwenye eksirei, cheupe, kama punje ya hindi. Nimefurahi kama mjinga.

Hapa mgonjwa huondoka na daftari lake mwenyewe, kila kitu kimeandikwa humo, na muhuri. Mkalimani, binti mpole, aliniuliza kwa Kiingereza maumivu natuliza na nini. Nikajibu: Panadol na bangi. Jeshini tulifundishwa hivyo. Daktari akiuliza, simama wima, ripoti yote. Binti akamwambia daktari, daktari akachapa, akagonga muhuri. Nikatoka hata sikujiuliza.

Alhamisi, 10 Septemba
Nimejiuliza leo. Nimempelekea daftari Bi Saumu, Mzanzibari anayenunua viatu soko la Liuhua. Anaishi chumba cha pili kutoka changu na amesoma Kichina. Akavaa miwani, akasoma kimyakimya, akavua miwani.

"Mzee wangu, chuma kimeandikwa. Na bangi imeandikwa, mstari wa chini yake. Na huu muhuri umekaa juu ya vyote viwili."

Yaani siwezi kukata kimoja nikabakiza kingine.

Sanga, tuliyekuwa naye kombania moja, bodi ilimwandika mvuta bangi. Faili likaenda polisi. Mwezi huohuo wakamfutia leseni ya bunduki. Bunduki yangu ni ya marisau. Niliikabidhi kituo cha polisi Februari niliposafiri, kama inavyotakiwa. Nikionyesha ukurasa huu, siichukui tena. Nisipouonyesha, nabaki na kumi yangu.

Bila bunduki mimi ni nani? Mchuuzi wa jinzi anayechechemea.

Jumapili, 13 Septemba
Sikwenda ibada. Polisi wameingia jengoni saa mbili asubuhi, ghorofa kwa ghorofa, pasipoti mkononi. Msako wa tatu tangu niingie mwaka huu. Niliwasikia ngazini. Nikamwaga bangi yote chooni. Maji yalikataa kuondoka. Nikavuta mnyororo mara tatu, nikimwomba Mungu kwa jambo la aibu.

Viza yangu ni nzima. Lakini askari mmoja alipekua begi, akakuta daftari. Akafunua ukurasa wa kwanza, penye jina na mahali panaponiuma. Akagusa kiuno chake, akanitazama, kama anauliza: hapa? Nikaitikia kwa kichwa. Akalirudisha. Hakufunua wa pili.

Mtu wa ghorofa ya nne wamemchukua akapimwe mkojo. Ndiye aliyekuwa ananiuzia.

Nimekaa nyuma ya mlango mpaka mchana. Vitani sikujificha hivi.

Jumatatu, 14 Septemba
Sina kitu cha kuvuta. Sikutoka. Nyonga, nyonga, nyonga.

Bi Saumu kaniletea uji na habari. "Chini ya daraja wapo watu wanachonga mihuri. Utapata daftari jipya, lina chuma, halina bangi. Nani atajua?" Nikamwambia nitafikiri. Sikuwa nafikiri. Nilishakubali moyoni.

Jumatano, 16 Septemba
Nimempigia mke wangu. Nimemweleza yote, daftari, bodi, bunduki, bangi asiyoijua. Nilitegemea aililie bunduki. Nguruwe pori wakishuka shambani nani atawazuia?

Mama Edina akasema: "Baba Edina, iache hukohuko polisi."

Nikadhani hakunielewa. Akasema nguruwe wamefukuzwa kwa madebe msimu mzima, na mahindi yamevunwa. Akasema tangu Februari analala usingizi. Akasema Siku ya Mashujaa mwaka jana nilikaa barazani na bunduki magotini toka chai ya asubuhi mpaka jioni, sikujibu mtu, watoto wakawa wanapita mlango wa nyuma.

Mimi nakumbuka nilikuwa naisafisha.

Nimekata simu. Nina hasira naye. Nina aibu pia. Watu wa nyumbani kwangu nimewatisha mimi mwenyewe.

Ijumaa, 18 Septemba
Nimemwambia Bi Saumu mambo ya muhuri basi. Akashangaa. "Na bunduki yako?" Nikasema itabaki polisi.

Jioni Liuhua, kumalizia mizigo. Wauzaji wana spika za mkononi zinazorekodi: unasema bei mara moja, yenyewe inapiga kelele mpaka wafunge duka. Nimenunua moja, ya kufukuzia nguruwe shambani. Laobani wa duka alitaka kujua nauza nini. Nikamwambia nguruwe. Akasema meiyou, nguruwe hana. Tumecheka wote wawili, kila mtu lake.

Jumatatu, 21 Septemba
Kesho Baiyun, uwanja wa ndege. Jinzi zimeshapakiwa, zitakuja kwa meli.

Siku ya nane bila bangi. Bado naitaka. Daftari liko kwenye bahasha pamoja na barua ya bodi, ukurasa mzima, muhuri wake. Watakachouliza nitajibu.

Nimejaribu spika. Nikarekodi amri ya lindo: "Simama! Nani wewe?" Nikaibonyeza isikike. Koridoni kitu kikaanguka. Kufungua mlango, Bi Saumu kasimama wima, beseni la nguo liko chini, mkono kifuani.

"Mzee wangu, umenitoa roho."

Nikamsaidia kuokota nguo. Kisha nikafunga mlango, nikaisikiliza tena peke yangu, polepole, sauti ya chini. Watoto walikuwa wanapita mlango wa nyuma kwa sababu ya huyu.

Nimeifuta. Mama Edina atarekodi ya kwake.

Betri nimezitoa, nimezifunga kwenye soksi zisiishe njiani.