Foteyi ya Mugiriki

Kasindi, siku ya Mungu, kiisha misa

Mama mukwe yangu, Mama Masika,

Wavukire, salamu ya asubui. Nakupigia magoti toka huku mbali. Uko muzima? Magoti haikusumbui na baridi ya Butembo? Tunasikia Basimba, bale baasi, balipita huko, na tangu ile siku hakuna kamiyo inapanda wala kushuka. Barua hii inabebwa na mama mumoja wa Kyavinyonge, chini ya samaki yake, maana yeye anajua njia za milima kwa miguu. Kama itanuka, usimukasirikie. Siye tuko, binti yako Masika iko, na habari iko. Mais, lakini, habari yenyewe inaanza na haya ku uso yangu.

Wewe Katekista unayemusomea mama, tafadhali, toa batoto mu nyumba, na usikohoe-kohoe. Najua mukwe hasemi mambo ya tumbo mbele ya mama ya bibi yake. Kwetu hata tukikutana naye mu njia tunapisha mu majani. Lakini baba mukwe alishakufa, nipitishe maneno kwa nani? Unisamehe, mama. Naandika nikiangalia chini.

Unakumbuka siku ulikuja kutuona, mbele ya vita. Ulipapasa tumbo ya Masika, ukasema: "Mutoto ameegemeza mugongo yake ku mugongo ya mama yake. Huyu atamutesa." Ukamwambia atoke mu foteyi yangu, ile kiti kubwa ya mito, apige magoti kila asubui, asukule sakafu na kitambaa, mikono chini, tumbo inaninginia, mutoto atageuka yeye mwenyewe.

Na mimi nilijibu nini? Aah, mama! Ile foteyi, Mugiriki mwenye duka aliniachia wakati bazungu balikimbia kiisha uhuru. Makarani bote ba duane, ba ushuru ya mupaka, balikuwa banakuja kuiangalia. Nikikaa ndani yake nilijiona mundele, muzungu kabisa. Donc, basi, nikasema kwa nguvu, barafiki bangu banasikia: "Bibi ya karani hapana boyi wa kusukula chini. Hayo ni mambo ya mashamba." Nikamurudisha Masika mu foteyi, nikamuinulia miguu juu ya kasha. Balicheka. Wewe ulifunga kitambaa yako ku kichwa, ukaacha kuku tulikuchinjia, haukuonja hata muchuzi. Ukapanda kamiyo ya chumvi. Sikukusindikiza.

Kiisha vita ikafika, masista bakafunga maternite, ile nyumba ya kuzalia, bakaenda. Nikavuka mupaka, nikaleta mumama mumoja Mukonjo anayezalisha. Alishika tumbo, halafu akaniangalia mimi, hapana Masika. "Nani alimukalisha bibi hivi, amelegea nyuma kama gunia ya maharagi?" Nikajibu: "Ni miye." Akasema maneno yako, neno kwa neno, kama mulikuwa mumekaa ku jiko moja.

"Haya, Masika, piga magoti," nikasema.

"Ulisema ni mambo ya mashamba, mbele ya mama yangu. Anza wewe."

Unamujua binti yako. Nikavua suruali ya kazi ya biro, nikafunga kikwembe yake, nikainama na kitambaa. Barafiki balebale bakapita ku mulango. "Eh, karani! Umepoteza nini huko chini?" Nikasema: "Akili." Masika akacheka mpaka akashuka kando yangu. Tangu pale kila asubui tulisukula bawili, sakafu inangaa kama sahani ya sikukuu, na mutoto akaanza kusogea, leo kidogo, kesho kidogo. Mais tulichelewa, mama. Hakumaliza kugeuka.

Uchungu ilimushika asubui, akazaa siku ya tatu muchana. Mugongo, mugongo, alilia mugongo tu. Yule Mukonjo alimuweka magoti, akamukanda kiuno mpaka yeye mwenyewe akachoka. Mimi nilikaa inje ku jiwe. Nilisikia: "Mama! Mama weee!" Jina yangu hakuiita hata mara moja. Majirani balisema bibi yote anaitaka mama yake. Ni mimi peke yangu nilijua nani alikufukuza.

Ni mutoto mwanaume. Bote bako bazima, ni neema tu. Masika angali anatembea akishika ukuta.

Unisalimie muramu yangu Kambale, kaka ya Masika, na bibi yake, shangazi yenu mwenye kilima, na nyanya asiyeona. Umwambie mutoto ana masikio yake. Na wewe Katekista, wasingya, asante, kwa uvumilivu.

Foteyi iko inje. Kuku inatagia ndani yake, na ile jike kubwa ni yako, sitaichinja mpaka ukuje. Kwa jina ya kuzaliwa tunamuita Mumbere, kama kila mwanaume wa kwanza kwetu, lakini jina ingine hana bado. Nilitaka kumupa, Masika akanikatalia. Anasema mwenye kumupa jina ni yule alimuona wa kwanza, na mikono yake, angali mu tumbo.

Njia ikifunguka tu, kuja. Hautanikuta nimekaa.

Mukwe wako asiye na macho ya kukuangalia,

Paluku, karani wa Kasindi