Nilijibu Mahali pa Nsimire

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Nimepiga pasi shati ileile mara ya tatu. Kola imeanza kunikataa. Kesho ninapeleka Nsimire, mutoto wangu wa mwisho, ku université kule Ibanda. Wanaonyesha programu ya uongozi, ya wanafunzi wenye pointi za juu, na wanawahoji palepale. Wakimuchukua, halipi minerval, ile pesa ya masomo. Wasipomuchukua, masomo hakuna. Mushahara wa katekista kama mimi tunaujua.

Jumanne, tarehe 9

Tumetembezwa kila mahali, hata vyoo. Kisha doyen, mukubwa wa faculté, maman mumoja mupole, akatukalisha. Akamutazama Nsimire: «Binti, umeshaongoza nini?»

Nikajibu mimi.

Ni ugonjwa wa ukatekista. Nikisikia swali, mudomo unafunguka wenyewe. Nikasema alikuwa chef wa klasi, mutoto wa heshima, habishani na wakubwa. Doyen akamuuliza tena. Nikaongeza. Nsimire akatazama viatu vyake, vile tulimufundisha kufanya mbele ya wakubwa. Doyen akaandika kitu kifupi.

Njiani mutoto alitembea haraka haraka. Nikadhani ni furaha. Mujinga mimi.

Jumatano, tarehe 10

Muke wangu ameuliza kama niliwaelezea ile ya robine.

«Robine gani?»

«Ee, Papa Nsimire! Maji unakunywa, haujui inatoka wapi?»

Kumbe pale robine ya avenue, bomba la wote, wamaman walikuwa wanapigana na bidon mukononi, kila mumoja anataka kuchota wa kwanza. Nsimire ndiye alipanga zamu: wazee kwanza, wenye mimba, kisha wengine. Tangu Pasaka hakuna aliyepigana. Hata muuza makala ya kupikia, yule wa matusi, anafuata mustari.

Mimi sijashika bidon miaka mingi. Na mimi ndiye nilikuwa muelezaji.

Sikula.

Jumatatu, tarehe 15

Liste ya waliochukuliwa imebandikwa ku université. Nimeisoma kutoka juu, kisha kutoka chini. Hayumo.

Nikafunga kifungo cha koti, niende kumuelezea doyen.

«Papa, bakia hapa.»

Hakupaza sauti. Akaingia peke yake. Nikabakia ku geti na sentineli. Jua kali, maneno hakuna. Mimi, bila maneno!

Akatoka macho mekundu.

«Waliandika: hajibu mwenyewe. Nimewaelezea yote, hata ile ya robine. Wamesikia. Lakini liste imefungwa, mpaka mwaka kesho.»

Nilitaka kumuomba musamaha. Nikaanza kupanga sentensi, ikawa ndefu kama mahubiri. Nikaiacha.

Tumeteremka kwa miguu. Yeye mbele.