Karavani ya Bibi

Kibokoni, Jumapili, 14 Agosti 1994

Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, na hewa ina ubaridi wa kuvalia sweta. Shajara yangu, leo nimesema jambo nililolificha kwa siku mbili. Naliandika upesi, nisije nikalipamba.

Nianze na sababu. Bibi, mamake Baba, ana mdogo wake Taveta, Bibi Zuhura. Hawajaonana miaka sita. Mwezi uliopita ilikuja barua kwamba macho ya Bibi Zuhura yanaingia giza. Jicho moja limeshakwisha, na kuhusu la pili daktari hakuahidi kitu. "Nataka nimuone dada kabla sijabaki na sauti yake tu," ndivyo alivyomwambia mjukuu wake aandike. Bibi alinitaka niisome mara tatu, kisha akaikunja na kuitia kifuani.

Lakini Bibi alianguka ngazini mwaka jana, na nyonga yake haikupona sawasawa. Akikaa kitako zaidi ya saa moja maumivu humtoa machozi, naye si mtu wa kulia. Basi la abiria halimngoji mtu ajinyooshe. Gari la Baba ni salun ndogo, na kiti chake cha nyuma hakimtoshi kulala akiwa amenyoosha mguu.

Ndipo Baba alipopata wazo la karavani, kile chumba cha magurudumu kinachovutwa na gari. Karibu na Buxton kuna karakana ya Bwana Mselem, ambaye ana mbili za kukodisha, kubwa na ndogo.

Ijumaa baada ya swala tulikwenda kuziangalia, Baba na mimi. Kubwa ina vitanda sita, meza, jiko na mapazia ya maua. Bwana Mselem aliigonga ubavuni kama anayesifu ng'ombe.

"Hii yalaza watu sita, Sheikh, na paka wao juu!"

Baba akahesabu kwa vidole: yeye, Mama, Bibi, mimi na wadogo zangu wawili. Sita kamili. Ndogo ina vitanda viwili tu. Baba alichungulia mlangoni akacheka. "Hii ya maharusi."

Nakiri kwamba mimi pia niliitaka kubwa. Nilikuwa nimeshajichagulia kitanda cha juu, penye kidirisha.

Bwana Mselem alitupa vijitabu vya karavani zote mbili, na Baba akaongeza cha gari letu. Vyote ni vya Kiingereza, kwa hiyo kazi ya kusoma ikawa yangu. Mwalimu wetu wa Fizikia hutuambia kwamba namba isiyo na kipimo ni porojo, basi nikapiga hesabu kwa kilo. Karavani kubwa, ikiwa tupu, inabakiza kilo sabini tu kufikia kikomo cha uzito ambao gari letu linaweza kuvuta. Nikaona zinatosha. Kisha nikageuza ukurasa, nikakuta sentensi moja ya herufi nzito: mtu yeyote asikae ndani wakati karavani inavutwa.

Nikafunga kitabu.

Mpango wote ulikuwa Bibi alale mle ndani njia nzima. Niliona kwamba nikisema, safari imekufa, na mimi ndiye niliyeiua. Baba aliponiuliza, nilimwambia bado nasoma. Ulikuwa uongo, hata kama niliusema kwa huruma.

Jana Bibi alianza kufunga mizigo. Huku kwetu huendi kwa ndugu mikono mitupu, na Bibi alikuwa na miaka sita ya kufidia. Gunia la mchele, kilo hamsini. Nazi arobaini. Madumu mawili ya mafuta ya nazi. Halua ya kutosha harusi. Godoro la sufi. Sufuria kubwa ya pilau, kwa sababu eti za Taveta "zapika nusu, zaacha nusu". Niliazima mizani dukani nikapima kimoja kimoja, yeye akidhani nafanya mchezo wa shule. Kilo mia moja sabini na nne. Baba alikuwa amehesabu vichwa, mimi nimehesabu bati na magurudumu, na hakuna kati yetu aliyezihesabu zawadi.

Leo asubuhi tulikuwa kwenye chai na mahamri. Baba akasema kesho ataichukua ile kubwa. Bibi alikuwa amepaka hina. Nikamwona akilini, amelala peke yake mle ndani kwenye vilima vya Mazeras, mizigo ikimjia juu, na sisi mbele hatusikii.

Nikasema yote.

Baba aliweka kikombe chini. "Na wewe umejua tangu lini?"

"Tangu Ijumaa."

"Siku mbili, mwanangu. Ningeichukua jana je?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Mama ndiye aliyeuliza kuhusu ile ndogo. Nilikuwa na hesabu zake pia, nyuma ya daftari, kwa sababu dhamiri yangu ilikuwa imeshaanza kazi kabla ya ulimi. Ni nusu ya uzito wa kubwa, na kidato chake cha kupandia kiko chini, Bibi anaweza kupanda mwenyewe. Hatapanda ikiwa inakwenda. Atakaa mbele na Baba, na kabla ya kila saa kuisha tutasimama aingie ajinyooshe. Usiku mmoja tulale Voi. Badala ya siku moja, safari itachukua mbili.

"Basi mimi na wadogo zako tutabaki," Mama alisema. "Weye utalala na Bibi, umsinge mguu kwa mafuta; babako atalala garini." Alisema upesi, akaanza kukusanya vikombe. Najua alitaka kwenda.

Likabaki neno la mwisho, nalo lilikuwa gumu kuliko yote: karavani ndogo haibebi zaidi ya kilo themanini za mizigo.

Bibi alinitazama kana kwamba nimemvua leso mbele za watu. "Sasa wataka niende kwa Zuhura mikono mitupu?"

Bibi akatazama mikono yake yenye hina, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kwani yule aona? Mikono mitupu ataionea wapi!"

Kisha akajiziba mdomo kwa leso, na hapo ndipo alipolia kweli. Mama alimshika mgongo. Alipomaliza alipangusa uso, akatoa amri: "Mchele toeni, mchele hata Taveta upo. Na nazi, na sufuria. Halua msiiguse."

Baba ameshakwenda kumwambia Bwana Mselem kwamba tunataka ya maharusi. Tutaondoka Jumanne. Mimi nimeazimia kuvisoma vijitabu vyote hadi jalada la nyuma na kumsomea Baba kila ukurasa, hasa ule nisioupenda. Hesabu ya kilo imekubali. Ya lile jicho lililobaki siijui, na hakuna kitabu cha kuniambia.

Sasa hivi Bibi amenyoosha mguu kwenye mkeka, karibu na ninapoandika. Ameniuliza Jumanne ni lini. Nimemwambia, kesho kutwa. Amehesabu kwa vidole, kisha ameuliza tena.