Buti za Baba

Mama,

Mkate umo kwenye oveni, utoe saa tatu.

Usinune: asubuhi nilivaa buti za marehemu Baba. Zangu zinavuja, zake hazipitishi maji hata tone, ingawa niliogelea ndani. Baba na miguu yake kama mitumbwi!

Sorcha akazisikia zikija uani, akalia vile alivyokuwa akimwita Baba. Nilipofungua banda, farasi huyo maskini hakunitazama. Alitazama nyuma yangu, akangoja. Nami nikageuka.

Jumamosi tukaninunulie zangu, zenye joto na kisigino cha kupandia farasi.

Mchana mpelekee nyasi, mimi niko shule. ~~Vaa zile za Baba, kuna tope.~~ Usivae zile za Baba. Sorcha bado anautazama mlango.

Binti yako mwenye soksi mbichi (nimerudia zangu),
Orlaith